Boya Hunywa Usiku

Wanangu mnaovua na kuvusha watu kwenye mabwawa ya Mto Tana, nimewatazama miaka mingi mkimwaga maji ya maboya yanayobeba mashua zenu asubuhi, na kesho yake mkiyamwaga tena. Mnaivuta mashua ukingoni, mnafungua kizibo, maji yanachuruzika huku mkipiga soga, mnakaza kizibo, mnapakia. Keshokutwa, vilevile. Sina hasira nanyi. Mtu ambaye wavu wake umelala majini usiku kucha, na wachuuzi wa Kiritiri wameshafika na ndoo zao wanamsubiri, utamwambiaje aiache mashua nchi kavu siku mbili atafute tundu lisilopitisha hata ncha ya sindano? Njaa haingoji. Kumwaga maji ni kazi ya muda mfupi, hakuna anayekudai senti, na siku hiyo mashua inaelea.

Ila maji mkiyamwaga, njia yaliyoingilia mmeiacha palepale, na kila siku inapanuka kidogo. Hilo ndilo ninalotaka tulikalie kitako leo, taratibu, bila kugombana.

Sisi watu wa Embu na Meru hatukukulia kwenye maji ya kuelea. Tulikulia kwenye maji ya kushuka: Rupingazi, Ena, Thuchi, Kathita, mito baridi itokayo mlimani, ambayo mtu huivuka kwa gogo au daraja akaendelea na safari yake. Halafu yakaja mabwawa ya umeme. Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Katika miaka ishirini tu, Mbeere, nchi ya mtama, mbuzi na mizinga ya nyuki, ikajikuta imepakana na maji mapana upande wa kusini. Masinga peke yake likijaa hufunika kama kilomita 120 za mraba. Watoto wa wafugaji wakawa wavuvi, wakajifunza kwa kutazama, na kwa wavuvi waliohamia huku kutoka Ziwa Victoria. Hakuna aliyerithi mashua kwa babu yake. Kwa hiyo mtu akikosea jambo la maji huku kwetu, namwelewa.

Pwani ni tofauti. Mtoto wa Lamu anaijua ngama, pale chini kabisa ya chombo panapokusanyika maji, kabla hajajua kusoma. Jahazi la mbao huvuja, na kila baharia anajua kwamba litavuja, ndiyo maana upo wa kufulia maji haukosekani chomboni, na pamba ya kalafati hushindiliwa kwenye nyufa chombo kinapopandishwa. Maji ya ngama yanaonekana. Yanamlowesha mtu kisigino, naye akilowa anayafua.

Boya lililozibwa pande zote halimlowanishi mtu. Liwe pipa la chuma, liwe bomba refu la alumini lililofungwa mbele na nyuma, juu yake pana sitaha kavu ya mbao, viti, kivuli cha turubai, pengine na redio. Abiria amekaa anakula ndizi yake, ameridhika. Maji yako chini ya miguu yake, gizani, na nahodha naye hayaoni. Binadamu hushughulikia kinachomlowesha. Kisichomlowesha hukiahirisha hadi baada ya msimu wa samaki, kisha hadi baada ya karo za shule.

Tupige hesabu ya sokoni kidogo. Boya lenye upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 6 lina nafasi ya lita 1,700 hivi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo maboya mawili ya namna hiyo, yakididimizwa yote, yanainua kilo 3,400, na humo umo pia uzito wa mashua yenyewe. Mjenzi anayejua kazi hupanga mzigo ili karibu nusu ya boya ibaki juu ya maji. Ile nusu ni akiba, wala hakuiacha kwa kukosa mzigo. Sasa, robo ya boya moja ikijaa maji, hizo ni kilo zaidi ya 420: watu wazima sita ambao hukuwatoza nauli, na wote wamekaa upande mmoja. Tena hawatulii. Gunia la mahindi ukiliweka kushoto hubaki kushoto, lakini maji hukimbilia palipoinama na kupainamisha zaidi. Pua ikizama kidogo, maji yote yanakwenda puani.

Chombo kilichozidiwa mzigo hakipinduki kwa adabu, kidogo kidogo, ili mpate nafasi ya kujipanga. Kinavumilia, kinavumilia, kisha kinageuka mara moja. Feri ya Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, ilipinduka ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na watu 272 wakafa karibu kabisa na ukingo. Ule ulikuwa msongamano wa abiria, haukuwa boya linalovuja. Lakini maji yaliyojificha ndani ya boya ni abiria vilevile. Mkihesabu vichwa mkasema tumebeba wanane, na kumi na wawili ndio mwisho wetu, basi hesabuni na wale sita wa chini.

Mashua yenyewe huwaambia mapema, mkiisikiliza. Inachelewa kushika kasi. Petroli iliyokuwa ikitosha kwenda na kurudi haitoshi tena. Mstari wa tope na ukoga umepanda kwenye boya moja kuliko jingine. Kona za kulia unazipiga vizuri, za kushoto mashua inasita. Ukigonga boya kwa vifundo vya vidole, juu linalia kama kawaida na chini linanyamaza, na pale sauti inapokata ndipo maji yalipofika. Ajabu ni kwamba mwenye mashua akiona dalili hizi zote kwa pamoja hulaumu injini. Nimewaona wakibadilisha plagi, wakabadilisha propela, wakauza mbuzi wakanunua injini kubwa zaidi, na boya limekaa na maji yake kimya. Injini mpya ikaisukuma mashua kwa nguvu zaidi, pua ikazama zaidi, na mwenye mashua akarudi kwa fundi wa injini kumlalamikia.

Nisikilizeni sasa kuhusu usiku, maana hapa ndipo wengi wanaponibishia. Huniambia: Mzee, tumelikagua boya tukiwa safarini, hakuna kinachoingia. Nami nawaamini. Mtungi wa plastiki wa lita ishirini, mama akiusahau uani mtupu umefungwa, adhuhuri umevimba kama shavu la mtoto anayepuliza moto, na alfajiri mbavu zake zimebonyea ndani. Boya nalo hupumua hivyohivyo, isipokuwa ukuta wake ni mgumu, haubonyei. Hewa ikipoa kwa nyuzi 15 husinyaa kwa karibu sehemu moja ya ishirini. Katika boya la lita 1,700 hiyo ni nafasi ya lita 80 inayotaka kujazwa. Kama kuna tundu ubavuni, chini kidogo ya usawa wa maji ya bwawa, mchana hewa iliyopanuka hutokea hapo kwa viputo ambavyo hakuna anayevitazama. Usiku hewa iliyobaki inaposinyaa, maji huvutwa ndani. Asubuhi hayatoki. Yameshalala chini ya boya, tundu liko ubavuni, na jua likipanda kinachotoka ni hewa tena. Sisemi boya hunywa lita 80 kila usiku. Sehemu yake ya chini imo majini, haipati moto wa kutosha, na tundu dogo hupitisha polepole. Lakini lita tano tu kwa usiku ni lita 150 kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kina abiria juu yake.

Kwa hiyo anayetaka kulijua boya lake alipime alfajiri. Jioni baada ya safari halitamwambia kitu.

Na kabla hamjamwita mtu wa kuchomelea, tazameni kizibo. Mara nyingi sana hakuna tundu lolote. Kuna kipete cha mpira kilichokauka kwa jua la Mbeere kikapasuka, au nyuzi za kizibo zilizoliwa kwa kukazwa na spana isiyo saizi yake, au kizibo chenyewe kilipotea mtu akapachika kijiti kilichofungwa nailoni, akasema ni kwa leo tu. Kipete kipya hakizidi bei ya chai na andazi. Badilisheni, mlaze mashua majini usiku mmoja, mfungue. Mkikuta pakavu, tumemaliza.

Mkikuta maji, msiyamwage haraka. Hapa ndipo pupa inapowanyima dawa. Inueni mashua juu ya magogo maji yakiwa bado ndani, kama ni machache na magogo yanaweza kuuhimili uzito, mlifute boya kwa kitambaa likauke vizuri kwa nje, kisha kaeni mtazame maji yanakodondokea. Tundu litajitaja lenyewe. Mnapomwaga kwanza ndipo mtafute baadaye, mmemfukuza shahidi.

Lisipojitaja, mwageni, kisha tumieni hewa na povu. Koroga sabuni ya kufulia kwenye karai hadi povu liwe zito, chukua brashi ya rangi. Funga valvu ya tairi iliyopachikwa kwenye kizibo cha akiba, uingize hewa kwa pampu ya baiskeli. Pampu ya baiskeli, nimesema. Kipimo kikifika presha ya psi 2, inatosha. 3 ndio mwisho. Msilipeleke boya kwa kijana wa kompresa pale kituo cha petroli mkamwambia jaza. Yeye amezoea tairi, atakupa presha ya 30. Hebu fikirini mfuniko wa pipa la lita 200, upana wake kama sentimita 57: kwa presha ya 30 unasukumwa na nguvu inayozidi uzito wa tani tano. Bati halitengenezwi kwa hilo. Mfuniko ukiachia, unaruka na kichwa cha mtu. Mlikuwa na tundu la sindano, sasa mna boya lililopasuka na majeruhi wa kukimbiza Embu hospitalini.

Mkiwa na hewa kidogo ndani, paka povu polepole. Anzeni kwenye mishono ya kuchomelea, hasa pale vyuma vya kubebea sitaha vinaposhikana na boya, kwa sababu hapo mtikiso wa injini hufanya kazi mwaka mzima bila mapumziko. Kisha chini ya pua. Kisha kila palipo na ribiti au bolti ambayo mtu alilitobolea boya ili afunge kiti. Msikimbie. Tundu dogo hutoa kiputo kimoja baada ya muda mrefu, na anayepaka huku akitazama simu hatakiona. Mkikiona, pigeni chaki, muendelee hadi mwisho wa boya, kwani tundu likipatikana moja watu hushangilia wakaacha la pili.

Chini ya pua nimepataja kwa sababu ya mabwawa yetu. Haya si maziwa. Usawa wake hupanda na kushuka kwa mvua na kwa matumizi ya mitambo. Mwaka 2009 ukame ulipozidi, maji ya Masinga yalipungua hadi kituo chake cha umeme kikasimamishwa. Maji yakipungua, visiki na mawe yaliyokuwa kilindini husogea hadi karibu na uso, na njia uliyopita mwezi uliopita bila wasiwasi leo inakwangua. Ongeza na ule mtindo wa kuegesha kwa kuipandisha mashua kwa kishindo juu ya changarawe ili abiria wasilowe viatu. Kila kishindo kinakula bati. Abiria avue viatu.

Kwenye kuziba, nitasema machache. Gundi za mirija miwili zinazochanganywa ni za kukufikisha nyumbani. Zinashika siku kadhaa, pengine wiki kadhaa, boya linapanuka na kusinyaa, zinaachia ukingoni, na kwa kuwa mlishapaka rangi juu yake hamtajua. Boya la chuma, fundi wa kuchomelea mageti anaweza kulitibu akisafisha kutu hadi kwenye chuma kizima. La alumini asiliguse kwa mashine ile. Linataka gesi ya agoni na mkono uliofunzwa, na fundi wa namna hiyo si kila soko linaye. Mtafuteni, mngojeeni. Kizibo kiwe wazi wakati wa kuchomelea, maana hewa iliyofungiwa ikipata moto itatafuta pa kutokea. Wala msifunge bolti za shaba kwenye alumini. Palipo na unyevu, alumini ndiyo inayoliwa.

Kuhusu mapipa ya mitumba, hapa naomba mniangalie usoni. Pipa lililowahi kubeba petroli, dizeli, spiriti au dawa za rangi, msilichomelee hata kama limekaa tupu miaka. Mvuke uliojificha kwenye mikunjo yake unalipuka kwa cheche moja, na pipa lililofungwa huwa bomu. Kama ni lazima, lioshwe kwa maji moto na sabuni mara kadhaa, lijazwe maji hadi karibu na pale panapochomelewa, na vifuniko viachwe wazi. Lakini kwa nini iwe lazima? Nunueni pipa la plastiki lililobeba vyakula. Wanangu, boya hununuliwa jingine. Mkono wa fundi haununuliwi sokoni Gakoromone wala Makutano.

Waungwana husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Wengi wa vijana huunda boya refu moja, tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa kuta za ndani zinaongeza bati na siku za kazi. Boya la hivyo likitoboka popote, limetoboka lote. Likigawanywa vyumba vitatu, kila kimoja na kizibo chake, tundu moja linakunyang'anya theluthi tu na mashua inafika. Maseremala wa majahazi ya Uchina walijua siri hii karne nyingi zilizopita. Na ukuta uzibwe hadi juu kabisa: Titanic, mwaka 1912, ilikuwa na kuta ambazo hazikupanda vya kutosha, maji yakajaa chumba yakamwagikia cha pili, kisha cha tatu, hadi ikazama. Mkigawa, gaweni kweli.

Kwa hili, wakulima wa Timau na Buuri wanaoziweka pampu zao za kumwagilia zielee kwenye mabwawa ya shambani, juu ya mapipa yaliyofungwa pamoja kwa vyuma, wamewashinda watu wa mashua nzuri. Chelezo chao hakina sura, lakini pipa moja likinywa maji, mapipa mengine yanabeba. Shida yao ni kwamba pampu ikiendelea kuvuta hawalitazami lile lililozama, hadi la pili lilifuate, hadi pampu iingie majini siku ya jua kali nyanya zikiwa na maua.

Kuna na dawa ya sponji. Kila miaka michache inarudi kama mtindo wa nywele: mtu analijaza boya vipande vya godoro kuukuu, au takataka nyeupe za kufungia runinga, anasema sasa hata likitoboka halizami. Povu maalumu lisilofyonza maji, likiwekwa na anayejua, linasaidia. Godoro linafyonza. Maji yakiingia hayatoki tena hata ukifungua vizibo vyote, uzito unabaki, kutu inakula bati kutoka ndani usiku na mchana, na siku fundi akija kuchomelea, sponji inashika moto. Mwenye boya moja la namna hiyo nimemsaidia kulipasua na kutoa vile vipande kimoja kimoja. Alikuwa amefanya kwa nia njema kabisa, ili watoto wake wasizame.

Mkiwa katikati ya bwawa na mashua ikaanza kuinama upande mmoja, msigeuke kurudi mlikotoka kwa sababu tu ndiko gari lilikoegeshwa. Elekeeni ukingo ulio karibu, mwendo wa polepole, bila kona za ghafla. Watu wakae chini kwenye sakafu, wasogee upande uliopanda, mmoja mmoja, mnayemwita kwa jina. Wakikimbia wote kwa pamoja maji ya ndani nayo yatakimbia nao. Jaketi za kuokolea maisha ziwe mwilini tangu ukingoni. Zikiwa zimefungwa chini ya kiti ili zisichafuke hazitamvaa mtu zenyewe. Haya ni maji yenye viboko na mamba, na wengi wenu mnaovusha watu hamjui kuogelea. Hilo nalo lifundishwe, si aibu kujifunza ukiwa na ndevu.

La mwisho ni kwa wanaotaka kununua, kwa sababu mashua za maboya zilizotumika zimeanza kupita mikononi, na bei yake inashawishi. Rahisi huvunja upishi. Muuzaji mwerevu atakuonyesha mashua iliyovutwa nchi kavu wiki nzima, imeoshwa, imepakwa rangi ya buluu, na maboya makavu yanayolia vizuri ukiyagonga. Huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia, pengine bila yeye mwenyewe kujua. Mwambie kwa heshima mashua ilale majini usiku mmoja ikiwa na mzigo wa mawe kiasi cha abiria wake wa kawaida. Lala Kiritiri, ule vizuri, uamke alfajiri kabla hajafika yeye ukingoni, na vizibo uvifungue wewe kwa mkono wako. Pakitoka maji, hapo mna jambo la kuzungumza kuhusu bei, na umwombe fundi wa kuchomelea akadirie kwanza. Akikataa mashua isilale majini, mpe mkono, mshukuru, upande matatu urudi Embu na pesa zako.